FUNGA MACHO KWANZA, NDIPO USEME UMESIKIA

Mwaka huu sikutaka kuwaandikia kuhusu nidhamu, usafi wa bweni wala faida za kusoma magazeti, kwa kuwa hayo wenzangu wameyaandika na watazidi kuyaandika kwa ufasaha kunishinda. Ninataka kuwaandikia kuhusu waya. Tena si waya wa kuanikia nguo, bali waya wa stima, ule wenye rangi ya kijani na manjano ambao mafundi wetu huuita waya wa athi na vitabu vya fizikia huuita waya wa ardhi. Msicheke. Kukosekana kwa waya huo karibu kunitoe roho, na baadaye mambo yake yakanifundisha kwamba kusikia ni kitu kimoja na kudhani umesikia ni kitu kingine kabisa.

Mjomba wangu, ambaye mimi hukaa kwake wakati wa likizo, ni mtu wa muziki kupindukia. Viti vya sebuleni kwake ni vikuukuu, lakini mtambo wake wa muziki ni wa haja: chombo cha kuchezea santuri, amplifaya nzito yenye bodi ya chuma na spika mbili zinazonifika kifuani. Santuri zake za rumba, benga na taarabu amezipanga kama vitabu vya maktaba, na ole wake mtoto atakayeigusa moja kwa vidole vyenye mafuta ya mandazi! Jumapili baada ya chakula hutuita sote tukae kimya tusikilize. "Mpwa wangu," huniambia ninapoanza porojo, "muziki hausikilizwi kwa mdomo."

Basi wakati mmoja mtambo ule ulishikwa na maradhi ya kunguruma. Kila santuri ilipowekwa, chini ya wimbo mlisikika mvumo mzito, vuuuu, kama nyuki walionaswa katika debe. Mjomba akamwita fundi wa mtaani. Fundi akachungulia huku na huku, akatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa, akasema, "Hii ni athi, mzee. Athi ndiyo inaleta kelele." Papo hapo akafungua plagi ya amplifaya, akaukata ule waya wa kijani na manjano, akaifunga plagi, akalipwa na kwenda zake. Mvumo ulipungua kidogo. Au tuseme sisi tuliokuwa tumetoa pesa ndio tuliotaka upungue. Hilo nitalirudia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikipiga deki sebuleni. Nilikuwa miguu mitupu na sakafu ya simiti ilikuwa ingali majimaji. Nikanyosha mkono kupangusa vumbi juu ya amplifaya. Jamani! Nilirushwa nyuma nikaangukia meza ya chai, mkono mzima ukafa ganzi, na moyo ukanidunda kama ngoma ya sengenya. Nyanya alipiga kamsa hadi majirani wakafika na rungu wakidhani ni wezi. Ama kweli siku hiyo niliponea chupuchupu.

Mjomba hakumrudia fundi yule. Alimwita mama mmoja aliyesomea mambo ya umeme katika chuo cha ufundi. Mama huyo aliifungua amplifaya akatuonyesha waya mmoja wa ndani uliokuwa umechubuka ganda lake, ukawa unaigusa bodi ya chuma. Kisha akatueleza kwa lugha ambayo hata nyanya aliielewa. Stima ya majumbani kwetu hapa Kenya ni ya volti 240. Waya wa kahawia huleta umeme, waya wa samawati huurudisha, na huo wa kijani na manjano hukaa bure siku zote ukingoja siku ya hatari. Siku waya wenye umeme ukigusa bodi ya chuma, umeme mwingi hukimbilia ardhini kupitia waya wa athi, na hapo fyuzi huungua au swichi ya usalama huzima stima, na mtu akanusurika. Lakini ukiukata waya huo, umeme hubaki pale pale kwenye bodi ukimsubiri atakayeigusa. "Na huyo atakayeigusa," alisema mama yule akinitazama, "ndiye atakayekuwa waya wa athi."

Alipomaliza kuurudisha waya uliokatwa, akautafuta ule mvumo. Nyuma ya chombo cha santuri palikuwa na kiwaya chembamba kilichoning'inia tu bila kufungwa popote. Kumbe kiwaya hicho kilipaswa kukazwa kwa skrubu nyuma ya amplifaya! Sindano ya santuri, alitueleza, hutoa umeme mdogo mno, kama sehemu 5 kati ya 1,000 za volti moja, nayo amplifaya lazima iukuze mara nyingi sana. Stima ya nyumbani hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Chembe yake ikipenya katika njia ya sindano, nayo hukuzwa pamoja na wimbo, na hapo ndipo spika huvuma vuuuu. Akakaza skrubu kwa muda wa nusu dakika. Mvumo ukazimika kama mshumaa uliopulizwa.

Ningetamani kisa kiishie hapo, lakini ndipo kilipoanza. Mjomba alitoka hapo akiwa muumini wa athi. Alisema kama athi kidogo imefanya maajabu yale, je, athi nyingi itafanyaje? Haukupita muda, rafiki yake aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza akamletea kisanduku cha mbao kilichofungwa pande zote. Hakina swichi, hakina taa, wala hakichomekwi kwenye soketi. Ndani, aliambiwa, mna mchanganyiko wa madini. Waya mmoja hutoka humo ukaenda kushikizwa kwenye tundu lisilotumika nyuma ya amplifaya, basi. Kisanduku husemekana hunyonya kelele zisizosikika, ili sauti zinazosikika ziwe tamu zaidi. Makampuni ya Ulaya na Marekani huviuza visanduku vya jinsi hiyo, na bei ya vingine hufika maelfu ya dola. Mjomba alilipa kiasi gani sitasema, maana mkewe naye husoma jarida hili.

Siku ya kukizindua tuliketi kama kanisani. Mjomba akaweka santuri, akafumba macho, akatabasamu. "Unasikia, mpwa wangu? Unasikia mwimbaji alivyosogea mbele?"

Nikajibu, "Nasikia, mjomba."

Wasomaji wapenzi, sikuwa nikidanganya. Kwa hakika nilisikia. Mwimbaji alikuwa amesogea, gitaa lilikuwa limetakata, na ngoma ilikuwa na uzito ambao haikuwa nao jana. Lakini usiku sikupata usingizi, na sababu ni hii: mjomba ndiye mweka hazina wa kwaya ya kanisa letu, na wakati wa chakula cha jioni alitangaza kwamba Jumapili ya pili yake angesimama mbele ya wanakwaya awaombe wafanye harambee, wanunue kisanduku kama kile kwa ajili ya vyombo vya kanisa. "Nitawaambia hata mpwa wangu mwenye masikio ya kijana amesikia tofauti," alisema. Nikawaza kuhusu akina mama wanaouza mboga ambao wangetoa shilingi zao kwa sababu ya ushahidi wangu. Nikakumbuka vilevile kwamba masikio haya haya ndiyo yaliyosikia mvumo "umepungua" siku ile fundi alipokata waya uliokuwa kinga yangu. Je, yalikuwa masikio ya kuaminika?

Niliporudi shuleni nilimuuliza mwalimu wetu wa fizikia, naye hakunicheka. Alinieleza kwamba sikio halisikii peke yake, bali jicho na moyo huketi nalo baraza moja. Mwaka wa 1976 wataalamu wawili, McGurk na MacDonald, walionyesha jambo la ajabu. Ukimtazama mtu katika filamu ambaye midomo yake inatamka "ga" huku sauti uliyowekewa ni ya "ba", wasikilizaji wengi husikia "da", sauti ambayo haikutamkwa na yeyote! Ukifumba macho, "ba" hurudi. Sisi wapenzi wa isimu tunaopenda kubishana juu ya matamshi tungefaa kulikumbuka hilo. Mwaka wa 2010, mjini Indianapolis huko Marekani, wapiga fidla 21 stadi walipewa fidla sita wazijaribu wakiwa wamevaa miwani ya giza. Tatu zilikuwa mpya na tatu za kale, baadhi zikiwa kazi ya Stradivari, fundi ambaye fidla zake huuzwa kwa mamilioni ya dola. Fidla iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kabisa ilikuwa mojawapo ya zile za Stradivari. Kama mabingwa hao waliteleza, mimi na mjomba ni nani?

Likizo iliyofuata harambee ilikuwa bado haijafanywa, kwa kuwa mchungaji alikuwa safarini. Nikamwendea mjomba kwa adabu. "Shikamoo mjomba. Naomba tukijaribu kile kisanduku kwa njia ya mtihani." Nilidhani angenifukuza, lakini mtu apendaye kitu kwa dhati haogopi kukipima. Akasema, "Lete mtihani wako."

Wahenga walisema macho hayana pazia, basi sisi tuliyatengenezea. Tuliangika shuka mbele ya mtambo. Dada yangu mdogo akakaa nyuma ya shuka na sarafu. Kila mara aliirusha, na ikiangukia picha alikiunganisha kisanduku, ikiangukia nambari alikiacha kando. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba azime sauti, aguse waya na kuuachilia kila mara, hata kama habadilishi kitu, ili tusije tukabahatisha kutokana na mchakarisho wa mikono yake. Sharti la pili, kipande kiwe kile kile cha santuri ile ile, na kitufe cha sauti kisiguswe, kwa kuwa sauti ikipanda kidogo tu mtu huiona imekuwa tamu, wala hatambui kwamba imepanda. Sharti la tatu, dada asiseme neno wala asionekane. Hilo nililitoa katika kisa cha Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba anajua hesabu. Mwaka wa 1907 Oskar Pfungst alieleza kwamba farasi yule hakuwa akihesabu chochote. Alikuwa akimtazama anayemuuliza, akisoma mabadiliko madogo ya kichwa na uso wake, na mwulizaji asipolijua jibu, Hans naye hakulijua.

Kabla ya kuanza, mjomba alisikiliza akiona, kisanduku kikiwepo na kikiondolewa, mpaka akasema ameshika tofauti barabara. Tulikubaliana mapema kwamba katika majaribio 10 ni lazima apate angaa 9. Kisha tukaanza. Aliandika majibu yake kwenye karatasi, dada akaandika yake, na hatukulinganisha mpaka mwisho. Mjomba alipata 6. Mimi nilipofuata, nikapata 4.

Mjomba akaruka, "Sita ni wengi! Hata bungeni mswada ungepita!" Tukacheka sote. Lakini nikachukua kalamu nikamwonyesha hesabu tunayofundishwa darasani. Mtu asiyesikia lolote, akijibu kwa kubahatisha tu mara 10, ana nafasi 386 kati ya 1,024 ya kupata 6 au zaidi, yaani zaidi ya theluthi moja. Lakini nafasi ya kubahatisha 9 au zaidi ni 11 tu kati ya 1,024. Ndiyo maana tulisema 9.

Mjomba akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba labda mtihani wenyewe ndio mbaya, kwamba shuka na karatasi zimemtia wasiwasi hata masikio yakaziba. Hilo lilikuwa swali zuri, nami nililitarajia. Nikapendekeza tuufanye mtihani ule ule kwa kile kiwaya chembamba cha chombo cha santuri. (Waya wa plagi hatukuugusa kamwe, na wewe usiuguse!) Shuka ile ile, sarafu ile ile, masikio yale yale. Mjomba alipata 10 kati ya 10. Mimi nikapata 10. Hata nyanya aliyekuwa jikoni akimenya viazi, bila kujua kuna mtihani, alipaza sauti, "Hilo dudu lenu mbona linavuma na kunyamaza?" Kiwaya kile kilikuja pamoja na chombo na hakikuuzwa hata senti. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maoni yangu basi ni haya. Waya wa athi una kazi mbili ambazo hakuna ubishi juu yake. Ya kwanza ni kuulinda uhai wa mtu, na ya pili ni kuondoa mvumo pale ambapo mvumo upo. Kazi hizo zinapimika, zinaelezeka, na hata nyanya anaweza kuzithibitisha akiwa jikoni. Anayekuja na kazi ya tatu, ya kuongeza utamu usiosikika isipokuwa na aliyekwisha kulipa, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Sisemi kwamba nimethibitisha kuwa visanduku vyote duniani havina kitu. La hasha! Majaribio 10 sebuleni kwa mjomba hayawezi kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba mimi niliyesema "nasikia" kwa kinywa kipana nilishindwa kuonyesha nilichosikia, kwa hiyo sikuwa na haki ya kutumiwa kama shahidi wa harambee.

Kuna watakaoniambia, "Pesa ni zangu, raha ni zangu, wewe yakuhusu nini?" Kweli kabisa. Mjomba mpaka leo hajaking'oa kisanduku chake. Anasema akikiona pale anafurahi, nami sina ugomvi na furaha yake. Lakini raha ni ya mtu mmoja, na ushahidi ni wa watu wote. Ukifurahi peke yako hujamkosea mtu. Ukimwambia mwenzako atoe pesa zake kwa sababu wewe ulisikia, hapo umekuwa shahidi, na shahidi huapishwa. Wengine watasema kwamba vyombo vya mjomba si vya hali ya juu. Huenda. Basi wenye vyombo vya hali ya juu nao waangike shuka. Na muuzaji akituletea sifa za bidhaa yake, tukumbuke kwamba mwamba ngoma huvutia kwake.

Mjomba ni muungwana. Jumapili ile alisimama mbele ya kwaya kama alivyoahidi, ila aliwaambia kwamba kabla ya kununua chochote, soketi za kanisa zikaguliwe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Mama yule fundi alizikagua. Mbili hazikuwa na waya wa athi uliofika popote. Harambee ndogo ikafanywa, soketi zikatengenezwa, na akina mama wa mboga wakabakiwa na shilingi zao nyingine.

Sasa nageukia kwetu shuleni, kwa kuwa mwenye kuhubiri sharti aanzie nyumbani. Nani kati yetu hajawahi kuona plagi ya miguu miwili ikiingizwa kwa nguvu katika soketi, huku kifuniko cha kalamu kimesokomezwa katika tundu la juu? Tundu lile la juu ndilo la athi. Mguu wa athi katika plagi zetu ni mrefu kuliko mingine kwa sababu huingia kwanza na kufungua vizibo vya matundu yenye umeme. Anayetumia kalamu anavunja mlango uliowekwa kumlinda. Na maikrofoni ya ukumbini inapovuma siku ya tamasha, tafadhalini, pasitokee bingwa wa kukata waya wa plagi ati ndio dawa ya kelele. Mimi nimekwisha kuionja dawa hiyo. Afadhali tuvumilie mvumo kwa siku moja kuliko kumlilia mwenzetu mwaka mzima.

Naomba pia chama chetu cha Kiswahili kiwe na desturi hii ya shuka. Tunapobishana ni spika ya bweni gani iliyo tamu, au ni nani anayeghani shairi vizuri zaidi, au hata ni chai ya siku gani iliyo na maziwa mengi, tuangike shuka kwanza. Wengi wetu tutaaibika, kama mimi nilivyoaibika na 4 zangu, lakini aibu ya kweli ni ndogo kuliko sifa ya uongo.

Kwa hayo machache nakunja jamvi. Mwenye maoni tofauti namkaribisha aandike katika toleo lijalo, nami naahidi kuyasoma kwa macho yaliyo wazi na kuyasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Wassalamu.